Sifa za Benzi Isiyokwisha Kutengenezwa

Masisi ya Kivu Kaskazini, Kongo, imekwisha kusifiwa kwa jibini na malisho yake, mpaka wageni wakaiita Uswisi ya Afrika. Jirani yake Walikale imesifiwa kwa dhahabu na bati, sifa zilizoiletea bunduki nyingi kuliko matingatinga. Hata chukudu, ule usafiri wa mbao usio na pedali wala mnyororo, ilijengewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji wa Goma mwaka 2009. Katika ugawaji huu wa heshima kuna mmoja aliyerukwa, nami leo nasimama kumtetea: kamyo kuukuu ya Benzi, 911, ile yenye pua fupi ya mviringo, iliyoegeshwa nje ya nyumba ya mtu huko Mushaki au Nyabiondo bila magurudumu mawili, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, na mwenyewe akikuapia kwamba Jumatatu inaondoka.

Ukoo wake si wa kuokota. Wajerumani waliitoa pua hiyo ya mviringo mwaka 1959, na wakaendelea kuunda kamyo za aina hiyo hadi 1995. Ukifunua boneti unakutana na injini ya OM 352: silinda sita zimepanga mstari mmoja, ujazo wa karibu lita 5.7, hakuna kompyuta, hakuna taa ya kumgombeza dereva. Ikipata mazuti, yaani dizeli, na hewa imeridhika. Land Cruiser mpya ya shirika ikiugua, huitiwa mtaalamu wa kompyuta kutoka mjini, na mwenye gari hukaa pembeni kama mgonjwa asiyejulishwa maradhi yake. Benzi ikiugua hutazamwa, hupigwa nyundo, kisha hutazamwa tena. Ikikataa, hupigwa na mtu mwingine.

Mjomba wangu aliipata ya kwake ikiwa mifupa mitupu: chesisi, injini iliyoganda, na karatasi zenye mihuri ya Jamhuri ya Zaire. Akaapa ataifufua kwa mikono yake mwenyewe. Bodi alilijenga kwa mbao za mkaratusi pamoja na fundi wa chukudu, kwa hiyo hadi leo ukiitazama kwa nyuma unaona chukudu iliyokula ikashiba. Springi alizitoa kwenye maiti ya Fuso. Gasketi alizikata kwa mkasi kutoka kwenye boksi la sabuni. Nyuma ya viti akapigilia kitanda cha mbao na rafu ya sufuria, maana anayekwenda Walikale kwa kamyo hasafiri, anahama. Jirani kijana alipita akauliza, “Papa, unajenga nyumba?” Mjomba akajibu bila kuinua kichwa, “Nyumba haitembei, mwanangu.” Yule kijana akasema, “Hata hii, Papa.”

Wenye pesa duniani nao wana ugonjwa huohuo, ila wao huuita starehe. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa matela 41 ya Airstream, yale ya alumini yanayong'aa kama sufuria mpya, kutoka Cape Town hadi Cairo, wakapitia Kongo ya Wabelgiji. Leo matela ya zamani hizo yanatafutwa kwa udi na uvumba huko Marekani. Mtu hulinunua likiwa limeoza, akalisugua na kulipaka rangi Jumamosi hadi Jumamosi, na wenzake wakamwita msanii. Mjomba amefanya kazi ileile juu ya chuma kizito zaidi, na jina alilopewa na shangazi siwezi kuliandika hapa.

Mafundi wa mjini husema gari lisilo na spea ni chuma cha kuuza kwa kilo. Hawajaona elimu inayomwagwa bure kando ya barabara ya Sake. Tangi la mazuti likipasuka, chukua kipande cha sabuni ya kufulia, kikande kwa maji kidogo mpaka kiwe laini kama unga wa ugali uliopoa, ukisukumize ndani ya ufa kwa kidole gumba, ukifute juu kwa kiganja. Sabuni haiyeyuki kwenye mazuti. Inashika, inakauka, na kamyo inakwenda. Kwa lisilozibika kwa sabuni kuna kauchu, yaani mpira wa tyubu uliokatwa vipande virefu kama mkanda: kauchu hufunga mabomba, mlango, kioo cha pembeni, betri, na siku moja ilifunga suruali ya konveya, yaani utingo wetu. Breki sitaki kuzungumzia. Anayetaka kulala usingizi asiulize kilichomo ndani ya breki.

Nije kwenye stata. Ya mjomba ilikufa zamani na haijaombolezwa, kwa sababu Masisi nani anahitaji stata? Mungu alipoipandisha Masisi ikavuka mita 2,000 huko juu, aliwafikiria wenye magari yasiyowaka. Unaegesha kamyo ikitazama bondeni, unaweka gogo mbele ya gurudumu. Asubuhi dereva anapanda, anakanyaga klachi, anatia gia ya pili. Konveya anavuta gogo na kukimbia. Kamyo inashuka kimya kama mwizi, klachi inaachiwa, moshi mweusi unafunika shamba la maharage la watu, na injini inanguruma. Bure! Tajiri wa Kinshasa kwenye tambarare yake hana neema hiyo.

Taabu ni kwamba njia haiishii Masisi. Ukishapita Nyabiondo na Kashebere unaanza kuuacha mlima, unaingia msituni, ndani ya Walikale yenye kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na barabara zake unazihesabu kwa vidole. Huko miteremko ya kuwashia gari ni haba, na ardhi ni matope mekundu yenye kina cha kumeza ekseli. Hapo ndipo Benzi inapotoa karama yake kubwa kuliko zote: inapatanisha watu. Nimeona mwanajeshi, mchungaji wa kanisa, mama muuza mawese, mwalimu asiyelipwa na kijana wa wanamgambo wa Mai-Mai aliyeegemeza bunduki yake kwenye mti kwa adabu, wote bega kwa bega wakisukuma bodi moja na kuitikia hesabu moja. Mikutano ya amani ya Kivu imefanyika Goma, Nairobi, Kampala na kwingineko, kwenye hoteli zenye viyoyozi. Sijui kama kuna aliyefikiria kuwapeleka wajumbe msituni Kibua wakasukume kamyo.

Na kamyo ikikwama kwelikweli, hata kijiji huzaliwa. Siku ya kwanza wanakuja watoto kutazama. Baadaye mama mmoja analeta ndizi za kuchoma, mwingine maharage, mzee anafika na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Vijana wenye makoleo wanajitokeza, wanaotupa mawe kwenye shimo kisha wanaomba pesa ya kahawa, na ambao, nasema bila ushahidi, pengine walilichimba wao. Dereva anaanza kuitwa shemeji. Huko huko Walikale, pale Kilambo, kwenye kipande cha lami, kulikuwa na karaha nyingine: miaka ya nyuma mawe ya bati ya mgodi wa Bisie yalitoka msituni mgongoni mwa watu, magunia ya kilo 50, kisha yakapakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua barabarani palepale. Kamyo ilisimamishwa ipishe ndege. Nchi ngapi zinaweza kujivunia kwamba kuukuu lao limewahi kuipa njia ndege, likiwa kwenye foleni moja nayo?

Kwenye vizuizi pia Benzi ina faida. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili, wakahesabu karibu 800. Gari zuri hulipa kila mahali, maana uzuri wenyewe ni ushahidi dhidi yake. Benzi ya mjomba hufika kwenye kamba ikikohoa, ikitoa mvuke, na mwenye kizuizi hupiga hesabu haraka: nikiizuia itazimika hapa, ikizimika hapa itaziba njia, na njia ikiziba sitapata kitu kwa wengine. Anashusha kamba mwenyewe. Mara nyingine anasukuma.

Hata wezi huiheshimu. Wenye silaha walipohitaji usafiri, jirani alipoteza Hilux yake kabla hajamaliza kunywa chai. Benzi waliizunguka. Mmoja akapanda, akakaa kwenye kiti, akatafuta mahali pa kutia ufunguo, akakuta nyaya mbili zimefungwa kauchu. Akashuka akampa mjomba pole.

Mwezi uliopita alipanda mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Akaikagua Benzi kuanzia pua hadi mkia, akagonga chesisi, akataja bei ambayo shangazi aliisikia kutoka jikoni na kuja mlangoni akiwa bado ameshika mwiko. Mjomba alinyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema sawa, amekubali, ila gari limeelekezwa vibaya, mzee atusaidie kwanza kulisukuma tuligeuze. Mtu wa watu akavua koti, akaweka bega. Konveya akavuta gogo.

Injini ikawaka, na mjomba hakusimama mpaka Bihambwe.