Mstari wa Saa 12 Jioni

Mama mkwe ameondoka leo na basi la alfajiri kurudi Muheza. Kuku amemwacha. "Mtamla tu," alisema, macho yake yakitazama mlango. Kuku huyo aliletwa awe mchuzi wa mjamzito, na tangu jana saa 4 asubuhi nyumba hii haina mjamzito.

Sasa kuku kafungwa mguu kwenye bomba la jikoni, nami nimekaa na karatasi ya maelekezo ya kipimo cha mimba, ile ambayo nilipaswa kuisoma Jumatano. Upande mmoja Kichina, upande wa pili Kiingereza, herufi za kusomwa na sisimizi. Kuna sentensi moja nimeirudia mara nne: majibu yasisomwe baada ya dakika 10.

Mimi niliyasoma baada ya saa 13.

Jumatano nilijipima saa 11 alfajiri, kwa mkojo wa kwanza, zikiwa zimebaki siku tatu hedhi ifike. Mstari mmoja. Nikakiacha kijiti kwenye dirisha la bafu, nikaenda zangu kazini. Saa 12 jioni naingia kuoga, nakuta mistari miwili. Wa pili mwembamba, wa kijivu, kama umechorwa kwa penseli na mtoto anayemwogopa mwalimu. Lakini upo! Nikaupiga picha, nikamtumia mume wangu na neno moja: "Baba." Naye akamtumia mama yake, akimsisitizia asimwambie mtu, maana mimba changa haitangazwi. Mama hakumwambia mtu. Aliiweka tu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu 43. Kabla sijalala, kundi lilishapewa jina jipya, "Karibu Mjukuu", na shangazi mmoja alishakifanya kijiti changu kuwa picha ya kundi. Kijiti nilichokikojolea. Watu 43 wanakiona kila wanapotumiana salamu za asubuhi.

Jumamosi mama mkwe akashuka Mbezi na gunia la machungwa, kuku, na chupa ya mafuta ya nazi ya kunichulia tumbo. Nikakatazwa ndoo. Nikakatazwa ufagio. Nikaketi kwenye kochi namenyewa chungwa na mama wa watu, na nikasikia kichefuchefu. Naapa nilikisikia. Jumapili saa 4, tukijiandaa kwenda kanisani kushukuru, hedhi ikafika, imechelewa siku moja tu kama mgeni aliyekwama kwenye foleni.

Usiku sikulala, nikasoma jinsi kidude hiki kinavyofanya kazi, na lazima nikiri kwamba ni kizuri kuliko ninavyostahili. Mkojo hupanda kwenye karatasi ile kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Njiani unazoa kingamwili zilizobandikwa chembe za dhahabu. Ndiyo, dhahabu! Ndani ya kitu nilichonunua kwa shilingi elfu moja na kukitupa. Ila chembe zake ni ndogo kiasi kwamba haing'ai njano, inaonekana nyekundu, na ndiyo maana mstari wa kweli huwa na uwekundu. Kama mkojo una homoni ya mimba, hCG, dhahabu inanaswa kwenye mstari wa kwanza. Inayobaki inanaswa kwenye wa pili, ambao kazi yake ni kusema tu kwamba kipimo ni kizima. Karatasi ikikauka, pale kingamwili zilipopangwa panaweza kubaki alama ya kijivu isiyo na dhahabu wala mtoto. Hiyo ndiyo iliyompandisha mama mkwe basi kutoka Muheza.

Tena nilikuwa nimewahi mno. Yai lililorutubishwa huchukua kama siku 6 hadi 12 kabla ya kujishikiza kwenye mji wa mimba, na homoni huanza baada ya hapo, ikiongezeka maradufu karibu kila siku mbili. Hata ningekuwa nayo, Jumatano huenda ingekuwa kidogo mno kuonekana. Ile asilimia 99 ya usahihi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya maabara, na ya kuanzia siku hedhi inapokosekana. Haikuwa ya bafu langu.

Zamani, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1960 hivi, mwanamke alipimwa kwa chura. Chura jike wa Afrika Kusini alidungwa sindano ya mkojo wa mwanamke huyo, na kama mwanamke ana mimba, chura alitaga mayai kabla siku haijaisha. Chura ama kataga ama hajataga. Hana mstari wa kijivu.

Ila jambo moja halinichekeshi. Miaka sita ya ndoa, vijiti vyote nimenunua mimi, nimekojolea mimi, nimevililia mimi. Mume wangu hajawahi kupimwa hata presha, ingawa daktari yeyote atakwambia apimwe naye. Jana mama yake alininong'oneza kuhusu umri wangu, na mwanawe akiwa pale pale anakula machungwa. Na picha aliisambaza nani?

Visa vingine havina uzito. Mwaka juzi nilikizamisha kijiti chote kikavimba. Mwaka jana nilinunua kilichokwisha muda. Mwezi wa tatu muuza dawa aliniuliza kwa sauti ya mnadani, "Dada, kile cha mimba?", na mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mchungaji.

Kwa sasa ninachoomba ni kimoja. Msimamizi wa kundi, tafadhali badilisha jina. Na ile picha itoe.