Bibi Hewani

Serikali ilipopiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa, tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, nyumba yetu ya Kibokoni ilibaki na mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na haikujulikana yupi ni yupi. Mamangu alikuwa amestaafu baada ya maisha ya chaki. Mwanangu alikuwa gredi ya nne, na simu aliichezea kama mpiga zumari. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Zile laptopu walizoahidiwa wanafunzi kwenye kampeni ya uchaguzi ya 2013, zilizokuja kukonda zikawa vishikwambi, zilifungiwa shuleni pamoja na madawati. Darasa likahamia kwenye simu yangu, yenye kioo kilichopasuka na bando la kubahatisha.

Redio mama hakuwa na ugomvi nayo. Masomo ya KICD, taasisi ya mitaala, yalipokuja kwenye redio ya KBC alikaa kitako akasikiliza. Enzi KBC ikiitwa Sauti ya Kenya, yeye mwenyewe aliwaketisha watoto mbele ya redio ya shule. "Nzuri," akasema, "ila haimuoni anayesinzia."

Vita vilikuwa WhatsApp. Mwalimu wa darasa alitaka kila mtoto arekodiwe akisoma kifungu, kisha sauti itumwe kwenye kundi la wazazi. Mama akataka kujifunza kurekodi. Mjukuu akamfundisha kwa njia yao vijana wote: akampokonya simu, vidole vikakimbia, akamrudishia.

"Umeona, bibi?"

"Nimeona mgongo wa mkono wako."

Alishika jambo moja tu: ukikisukuma juu kile kidude cha kipaza sauti, kinajifunga, huna haja ya kukishikilia. Mtoto akasoma, akamaliza. Simu ikawekwa kando ya unga wa kaimati, ikaendelea kusikiliza.

Ikasikia mafuta yakichemka. Ikamsikia mama akisema yule mwalimu ni mtoto mzuri, lakini "dhahabu" aiandika "thahabu", na kwamba kundini yupo mzazi anayemfanyia mwanawe kazi zote, hati yamfichua. Ikamsikia pia akimkatia mjukuu mkate wa sinia: nusu, robo, thumni, mpaka kijana akaelewa sehemu ambazo zilikuwa zimemtoa machozi wiki nzima. Kisha kidole chenye unga kikagusa mshale wa kutuma.

Mtaalamu wetu alipogundua, alimpokonya bibi simu tena, na kwa ile pupa yake akaifuta sauti. Kwetu, si kwa wote. Ikatoweka kwenye simu yangu, pahali pekee ambapo haikuwa na madhara, ikabaki kwa wazazi wengine wote, ambao kwa kafyu ya siku zile hawakuwa na pa kwenda.

Baada ya futari mwalimu akaandika: "Shikamoo mwalimu. Ile ya mkate, tafadhali turudie kesho." Dhahabu hakuigusia. Mzazi wa hati alitoka kundini.

Mama hakujibu, alikuwa na darasa lake. Alimketisha mjukuu na daftari, akamwamuru aandike namna ya kufuta ujumbe kwa wote, hatua kwa hatua, bila kugusa simu. Kijana akaandika mistari mitatu. Mama akavaa miwani, akaifuata kwa kidole chake mwenyewe, akakwama kwenye wa pili. Akatoa kalamu nyekundu: nne juu ya kumi. "Umeruka hatua. Rudia."