Pikapu Tano kwa Udongo wa Tanga, Tukianza na ya Mwisho

Lami ya Segera hadi Tanga mjini haimpimi dereva wala gari. Mtihani uko pembeni: mchanga wa Ushongo, udongo mwekundu wa kupandia Amani, na ule mfinyanzi mweusi wa Saadani ambao masika yakianza hugeuka gundi. Mji wetu unajulikana kwa "waja leo, waondoka leo". Pikapu isiyo na fowili ikiingia Saadani mwezi wa Aprili, yaja leo, yaondoka Julai.

Land Cruiser 79 siihesabu. Lile dude lenye mkonga, humu kwenye mkoa wa mkonge, ni la daraja jingine, na kulipanga na hizi ni kuwaonea watoto. Tunashindanisha saizi ya kati tu, injini ya dizeli, mzigo mgongoni.

5. Nissan Navara, ile iliyotoka 2014
Kwa abiria, malkia. Matoleo yake mengi yana springi za koili nyuma badala ya zile bapa za kupangwa, kwa hiyo kwenye makorongo hairushi watu hadi darini. Sasa ipakie machungwa ya Muheza jinsi wachuuzi wanavyopakia: nyuma itachuchumaa, na taa za mbele zitamulika maembe juu ya mti.

4. Ford Ranger
Kiwanda kinairuhusu ivuke maji ya sentimita 80, na zipo zenye kufuli ya difu ya nyuma. Nguvu inayo, tena ya kutosha kugawia jirani. Ila ina vitambuzi vingi mno, na fundi wa kijijini mwenye spana na bisibisi hana kompyuta ya kuviuliza vinaumwa wapi.

3. Mitsubishi L200
Hii ni mkwe wa Wasambaa. Mfumo wake wa Super Select una difu ya kati, ndiyo maana unaweza kuendesha kwa fowili hata juu ya lami. Pikapu nyingi za kawaida ukizifanyia hivyo kwenye lami kavu, unazikaba gia mpaka zilie. Ifikirie barabara ya Mombo kwenda Soni na Lushoto mvua inaponyesha: lami, utelezi, kona, na bonde linalokusubiri kushoto. Hapo L200 inatembea kama inakwenda harusini. Toleo la 2015 hugeuka kwa nusu kipenyo cha mita 5.9, kwa hiyo hata kwenye kona za kubana haiombi msamaha. Kasoro ni mkia mrefu: ukitoka korongoni, bampa ya nyuma inachota udongo kama jembe.

2. Isuzu D-Max
Injini ya lita 3.0 isiyopenda kelele za sifa. Toleo lililotoka 2019 nalo linavuka sentimita 80, na D-Max huunganishwa Nairobi, jirani tu. Ukivuka mto kwa kivuko cha Pangani, ukashuka Bweni na kushika njia ya Ushongo, utaelewa kwa nini naipenda: inavuta taratibu bila kuchimba. Lakini isaidie na wewe. Punguza upepo wa tairi hadi kama paundi 18, usikate kona ghafla, na ujaze tena kabla ya lami. Asiyepunguza upepo hata apewe kifaru atakisukuma.

1. Toyota Hilux, lakini si ile unayodhani
Hilux iliyotoka 2015 ni gari zuri, inavuka sentimita 70, na wenyewe watanuna nikiiacha. Wanune tu. Taji nampa mzee: LN106, ya 1988 hadi 1997. Dizeli ya lita 2.8 iitwayo 3L, haina tabo, haina kompyuta, na mbele ina ekseli nzima juu ya springi bapa. Hiyo ekseli ndiyo siri. Kwenye pikapu mpya kila tairi ya mbele hucheza peke yake, na gari likididimia kwa uzito, tumbo hushuka na difu hukaribia mawe. Kwa mzee, difu imo ndani ya ekseli; tairi zikipanda, nayo inapanda.

Kwenye barabara ya Muheza kwenda Amani, yenye mifereji iliyochimbwa na mvua, mzee huyu ndiye anayeshusha iliki na pilipili manga hadi sokoni. Itakutikisa figo, na kwenye lami ya Hale hata basi bovu litakupita. Lipishe, lina haraka zake.

Adui wa mzee ni chumvi. Gari lililoishi kando ya bahari usilinunue kwa macho. Njoo na nyundo, ingia uvunguni, gonga fremu kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale springi za nyuma zinaposhikia. Ikilia, ni chuma. Ikibofyeka, ni kutu iliyopakwa rangi: mshukuru muuzaji kwa chai, ukapande daladala.