Kidato cha 18

Ngazi za nyumba ile ya Goba, Dar es Salaam, zina vidato 18. Kumi na sita kati ya hivyo havina neno. Mtu anavipanda huku akiongea na simu, akiwaza ada za watoto, wala hana habari kwamba anapanda. Ugomvi uko kwenye cha kwanza na cha mwisho.

Aliyeutangaza ugomvi huo hadharani alikuwa mama mkwe. Ilikuwa siku ya dua ya kuhamia, wageni wamejaa sebuleni, pilau limeshaiva. Mama, aliyefika jana yake kwa basi la Tanga na vikapu vyake viwili, akaomba aonyeshwe vyumba vya juu. Mkwewe akatangulia kwa adabu, upande upande, asimpe mgongo wala asimkazie macho. "Karibu mama, taratibu." Mama akapanda akisifia rangi ya ukuta, akasifia madirisha ya vioo, na alipofika kwenye kumsifia fundi, ncha ya kubazi lake ikagonga ukingo wa kidato cha mwisho.

Hakuanguka. Alikwenda hatua tatu za mbio, ameinama, mikono mbele, kama mtu anayemfukuza kuku, na breki zikashika akiwa katikati ya chumba cha kulala cha mwanawe na mkwewe, mahali ambapo mwanamke wa heshima zake asingeingia hata kwa kualikwa.

"Pole mama!"

"Nimeshapoa, baba," alisema akiurudisha mtandio kichwani, macho ameyaelekeza dirishani asikione kitanda. Alipotoka, aliikagua ngazi kutoka juu hadi chini. "Hii ngazi yenu haina adabu."

Hakuwa peke yake. Kabla ya alasiri walishajikwaa mpiga picha, mjomba wa Morogoro na binti aliyebeba sinia ya vikombe, wote palepale, kwa mtindo uleule wa kufukuza kuku. Watoto waligundua mapema kuliko wakubwa. Walikaa sakafuni wakitazama juu na kila mgeni aliyeanza kupanda walimtabiria: huyu anajikwaa, huyu hajikwai. Mwenye nyumba alishangaa kweli, kwa sababu yeye alikuwa ameipanda na kuishuka ngazi hiyo kwa miezi miwili akisimamia mafundi, na hajawahi kujikwaa hata mara moja.

Shemeji yake, kijana anayesomea usanifu majengo, alikuwa na futi kamba mfukoni. Watu wa fani hiyo hawaendi hata msibani bila futi kamba. Akapiga magoti, akapima kidato kimoja kimoja. Cha kwanza kutoka chini: sentimita 13.7. Cha pili: 16.7. Cha tatu: 16.7. Akaendelea hivyo hivyo hadi cha 17, namba ileile. Cha 18: sentimita 19.7.

Fundi mwashi akapigiwa simu pale pale. "Bosi, mimi nilimwaga zege vidato vyote sawa, pima maji ninayo. Kama kuna tofauti, muulize wa marumaru." Wa marumaru naye akapigiwa. "Mimi nimefuata nilichokikuta, mzee. Sikuongeza wala sikupunguza." Mwenye nyumba akakata simu akiwa na hakika kwamba mmoja wao ni mwongo.

Kumbe wote wawili walisema kweli. Kutoka slabu ya chini hadi ya juu palikuwa na mita 3, na mwashi alizigawa sawasawa kwa 18, akapata sentimita 16.7 hivi. Mpaka hapo ngazi ilikuwa na adabu zake zote. Kisha sakafu za chini na juu zikapigwa zege la kusawazisha, zikalazwa marumaru, kila moja ikanenepa sentimita 5. Vidato vyenyewe havikuhitaji kusawazishwa, kwa hiyo vikapata marumaru na udongo wake tu, sentimita 2. Sakafu ya chini ikapanda na kukimeza kidato cha kwanza sentimita 3. Sakafu ya juu ikapanda na kumwongezea mtu sentimita 3 za kunyanyua mguu mwishoni. Hakuna aliyekosea hesabu yake. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuwauliza mafundi wawili, siku ya kwanza, sakafu itanenepa kiasi gani.

  Wataalamu wa usalama wa majengo wanasema ajali nyingi za ngazi hutokea kwenye vidato vichache vya mwanzo na vichache vya mwisho, na sababu iko mguuni. Mtu hutazama kidato cha kwanza na cha pili. Baada ya hapo macho yanakwenda kwenye shughuli nyingine, na mguu unaachiwa kazi. Mguu nao ni bahili: haujinyanyui zaidi ya unavyohitaji. Umeshajifunza 16.7, utanyanyua kwa 16.7 na ziada ndogo tu ya kupitisha kidole gumba. Ukiletewa 19.7 bila taarifa, gumba linagonga. Wakati wa kushuka mambo yanageuka: mguu unategemea kushuka 16.7, sakafu inaudaka kwenye 13.7, na mtu anatua kwa kishindo, meno yanagongana, anageuka kutazama nani amemsukuma.

Ndiyo sababu kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani hazibishani sana na mwenye nyumba anayetaka vidato vifupi kidogo au virefu kidogo. Kinachokazaniwa ni vilingane. Kati ya kidato kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote kwenye mkondo mmoja wa ngazi, tofauti isizidi milimita 9.5, chini ya upana wa kidole kidogo. Nyumba ya Goba ilikuwa na milimita 60.

Na hata tofauti ndogo mno inatosha kuumbua mji mzima. Mwaka 2012, mtengenezaji filamu Dean Peterson aliona kwamba kila akitoka kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi cha 36th Street, Brooklyn, anajikwaa kwenye kidato kimoja. Kilikuwa kimewazidi wenzake kidogo sana, jicho lisingeona. Akatega kamera. Akawanasa watu wa kila aina, hata baba aliyebeba mtoto, mmoja baada ya mwingine, wote wakijikwaa kidato hichohicho na kila mmoja akiendelea na safari kwa aibu, akidhani kosa ni la miguu yake. Video ilipoenea, wenye kituo waliifunga ngazi na kuirekebisha mara moja. Kwa hiyo wale watoto wa Goba waliokaa sakafuni wakitabiri walikuwa na mwenzao New York, ila yeye alikuwa na kamera.

Shemeji alipoona amepata wasikilizaji, hakuiachia nafasi. Akaomba karatasi, akawaeleza habari za Mfaransa François Blondel, mkuu wa chuo cha kifalme cha usanifu majengo mjini Paris, ambaye katika miaka ya 1670 alikaa akafikiria hatua ya mtu. Hoja yake ni kwamba mtu akitembea barazani, hatua yake ina urefu fulani. Akianza kupanda, kila kipimo anachokwenda juu kinamla viwili vya kwenda mbele. Basi chukua urefu wa kidato, uzidishe kwa mbili, ujumlishe na upana wa pale pa kukanyagia. Jibu liwe inchi 24 za Kifaransa za wakati huo, sawa na sentimita 65 hivi. Wasanifu wa leo wanashusha kidogo, lakini kanuni ni ileile. Kwa ngazi ya Goba: 16.7 mara mbili ni 33.4, ongeza 29 za kukanyagia, inakuja 62.4.

"Kwa hiyo ni nzuri?" aliuliza mjomba wa Morogoro, akisugua gumba.

"Katikati ni nzuri sana, mjomba."

Mjomba akasema aliyekaa Unguja hawezi kulalamikia ngazi ya bara, na hapo alikuwa na hoja. Nyumba kongwe za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho: upana wa chumba ulifuata urefu wake, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Nyumba zikawa nyembamba, zikaenda juu, na ngazi ikaminywa pale ilipobaki nafasi kati ya kuta nene. Matokeo yake ni ngazi za kusimama wima, ambazo kijana anazipanda kwa magoti na mzee anazipanda kwa istighfari.  Hata hivyo wenyeji miguu yao imeshahifadhi kila kidato. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, linatajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti. Kuna watu waliopanda ngazi za Mji Mkongwe na mfuko wa unga begani ambao hawamlaumu aliyeiweka.

Wakati mazungumzo yakiendelea juu, nje kulikuwa na kesi nyingine ya ngazi hiyohiyo. Lori lilikuwa limeleta sofa. Sofa lilikuwa refu mita 2.2, na ngazi ilikuwa na upana wa sentimita 90 na kona ya kugeukia katikati. Vijana wa kupakua walikubaliana bei ya kulipandisha juu kabla hawajaiona kona. Walipoiona wakataka mazungumzo yaanze upya. Walilipeleka kwa ubavu, likagoma. Wakalisimamisha wima, likagonga slabu ya juu na kuacha alama kwenye niru iliyopigwa wiki iliyopita. Wakalirudisha kwa mgongo, likakwama kabisa, na aliyekuwa upande wa juu akabaki huko mfungwa, akipitishiwa pilau juu ya sofa. Mwishowe lilishushwa, likafungwa kamba, likapandishwa kupitia roshani huku mtaa mzima ukitoa maelekezo. Mwenye nyumba alijua urefu, upana na bei ya sofa. Upana wa ngazi yake hakuwa ameupima tangu siku ya kuchora ramani.

Kwa miezi mitatu iliyofuata nyumba iliishi na kidato cha 18 kama watu wanavyoishi na jirani mkorofi. Mwenye nyumba aliweka mkanda wa njano ukingoni, na kweli ulisaidia wakati wa mchana. Umeme ukikatika, wenyeji walipanda gizani bila wasiwasi na wageni walipanda kwa kutambaa. Mwenye nyumba alianza hata kuisifia: alidai mwizi hawezi kufika juu bila kutoa taarifa. Mkewe akamkumbusha kwamba mpaka sasa aliyetoa taarifa ni mama yake mzazi.

Hoja hiyo ndiyo iliyofungua pochi. Fundi mwashi aliitwa, akaja na nyundo na patasi, tayari kuvunja. Shemeji akamzuia. Hakuna cha kuvunja, alisema. Vidato vinadaiwa sentimita 3 ambazo sakafu zilipata na vyenyewe vikanyimwa. Nyanyua vyote 17 vya kukanyagia kwa sentimita 3, cha kwanza kitarudi 16.7 na cha mwisho kitashuka 16.7. Fundi akakaa juu ya ndoo, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Dogo," akasema, "hii hesabu ungeileta mwaka jana." Kazi ilichukua siku nne, marumaru mpya juu ya zile za zamani, zenye mistari ya kukwaruza ukingoni ili mguu usiteleze.

Mama mkwe alirudi mwezi wa Rajabu. Mkwewe akamkaribisha juu, safari hii kwa kujiamini, upande upande kama kawaida. Mama hakusifia chochote. Aliitazama miguu yake mwenyewe, akihesabu kwa sauti ya chini. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Akaweka mguu juu, mguu ukatua sawasawa, akashusha pumzi.

Mbele yake, mkwewe naye alikuwa amefika. Mguu wake wa kulia, uliokaa na kidato kile tangu marumaru zilipolazwa, ulinyanyuka kwa sentimita 19.7, ukakuta hewa, ukashuka kwa kishindo. Akakimbia hatua tatu, mikono mbele, akaingia chumbani kwake mwenyewe na kushikilia nguzo ya kitanda.

"Pole, baba," alisema mama mkwe kutoka mlangoni, macho dirishani.

"Nimeshapoa, mama."