Soketi ya Uani

Kwetu Kigamboni ugomvi ulianzia kwenye pampu. Maji ya bomba hutoka usiku, hujaza tangi la chini, na bila pampu hayapandi kwenye simtanki. Siku zote umeme wake ulitoka jikoni kwa ekstensheni iliyopita dirishani na kukatiza uani chini ya kamba ya nguo. Mama aliuchukia waya ule. Shemeji, mume wa dada, akaamua kuyamaliza: akafunga soketi nje ukutani, pembeni ya pampu. Soketi yenyewe ya kawaida tu, kama ya sebuleni.

Kiangazi chote mama alimsifu. Masika yakaingia. Dada akaanza kulalamika kwamba pampu inamtekenya akiigusa. Baba akasema ni baridi ya asubuhi. Kesho yake mama akatoka peku kwenye sakafu iliyolowa, akashika pampu, akapiga yowe lililotutoa sote ndani. Baba alikimbilia meni swichi. Mkono wa mama ulikufa ganzi mpaka begani.

Fundi tuliyemwita ana leseni ya EWURA. Alipima kwanza kwa tesita kuhakikisha hakuna umeme, ndipo akalegeza skrubu. Maji yakachuruzika ukutani. Ndani mlikuwa na sisimizi na mayai yao, na shaba imeota kutu ya kijani. Akafuata nyaya hadi soketi ya jikoni, ulikochukuliwa umeme, akavuta waya wa ethi: umekatwa, umekunjwa, umefungwa tepu nyeusi. Maana yake, umeme uliovuja kwenye soketi iliyolowa ulifika kwenye chuma cha pampu ukakosa njia ya kwenda ardhini. Njia akawa mama.

"Sasa fundi, mbona breka haikushuka?" mama akauliza.

"Mama, breka inalinda nyaya. Ile ya ampea 20 inasubiri mzigo mkubwa. Mtu anauawa na umeme mdogo sana kuliko huo."

Akafunga RCD, kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipotea wa miliampea 30 tu, kinakata kabla nusu sekunde haijaisha. Akapigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya jiko, akaunganisha ethi na kuipima. Akavuta waya mpya wa milimita za mraba 2.5 ndani ya paipu kutoka kwenye boksi la breka, ukiingilia soketi kwa chini ili mvua isiufuate. Soketi mpya ni ya IP66, yaani ya kuzuia vumbi na maji, ina mfuniko unaofunga hata plagi ikiwa ndani. Shemeji alishika ngazi mchana kutwa, kimya.

Ndugu msomaji, kama una soketi ya nje, nenda leo ukabonyeze kitufe cha majaribio kwenye RCD. Umeme usipokatika, au kama kifaa chenyewe hakipo, zima meni swichi, chomoa kilichochomekwa, na soketi ile isitumike tena mpaka fundi mwenye leseni aje aipime pamoja na ethi yake.