Ndege ya Bei Rahisi Imeniletea Jamaa

Kivuko cha Likoni kimelaaniwa na kila mtu wa pwani ya kusini, lakini hakuna aliyewahi kukishukuru kwa kazi moja kubwa kiliyotufanyia: kuwazuia jamaa wa Nairobi. Zamani mtu akitaka kuja kwetu Jego kwa ndege alishukia uwanja wa Moi, Mombasa, akagombana na mwenye teksi, akauvuka mji mzima, akasukumana kwenye foleni ya Likoni na mabegi yake, kisha ng'ambo ya pili akaambiwa bado kuna karibu kilomita 100 hadi Lunga Lunga, na Lunga Lunga si Jego. Wengi walikata tamaa hapo hapo. Walilala kwa jamaa wa Likoni, wakatupigia simu ya salamu, tukasikitika pamoja, mambo yakaisha. Tuliishi kwa amani.

Sasa kuna ndege ya Ukunda.

Balaa lenyewe lilianza mbali na minazi yangu. Aprili 2014 Kenya Airways ilizaa mtoto, ikamwita Jambojet, ikampa kazi ya kuuza safari za ndani kwa bei ya chini. Nauli ilitangazwa kuanzia shilingi 2,850, na safari zikawa za Mombasa, Kisumu na Eldoret. Mama mtu hali yake haikuwa nzuri. Hesabu za mwaka ulioishia Machi 2015 zilionyesha hasara ya shilingi bilioni 25.7. Yaani mzazi anakopa unga kwa jirani, mtoto yuko barazani anagawa mahamri.

Mtoto alianza na Boeing 737, na kwa hizo sisi wa kusini tulikuwa salama, maana ndege ya namna ile haina pa kutua kwetu. Kisha akahamia ndege za mapanga, Dash 8 Q400 za abiria 78, ambazo zinatosheka na njia fupi ya kurukia. Njia fupi ndiyo tuliyo nayo Ukunda. Uwanja ule tuliuzoea kwa vindege vidogo vya watalii waliotoka kuangalia simba Maasai Mara, watu wasiokuwa na shangazi hata mmoja katika kaunti ya Kwale. Leo Jambojet inatua pale, Safarilink na Skyward nazo zinakuja kutoka uwanja wa Wilson, na mtu anakunywa chai Nairobi asubuhi, anakaa angani kama saa moja, anashuka Diani kabla sijamaliza kufungua zizi la mbuzi.

Nimesoma kwamba Ulaya mambo ni kinyume. Kule ndege ya bei rahisi hukimbilia viwanja vya kando kwa sababu ushuru wake ni mdogo, na abiria ndiye anayeumia. Ryanair iliwazoesha watu kununua tiketi ya Frankfurt wakashushwa Hahn, kilomita kama 120 kutoka mjini, au tiketi ya Paris wakajikuta Beauvais wakitafuta basi. Nauli ndogo, adhabu juu yake. Hiyo ni haki. Huku kwetu uwanja mkubwa ndio uliokuwa na adhabu, na huu mdogo unamshusha mtu karibu na hoteli za Diani hata viatu hajavichafua. Abiria hana adhabu yoyote. Adhabu imehamishiwa kwa mwenyeji.

(Na msiniambie habari ya barabara ya Dongo Kundu. Najua imefunguliwa, najua sasa gari linaweza kutoka Mombasa likaja kusini bila kuonja kivuko. Huo ni ukuta wa pili kuanguka, na mimi nimeshapata hasara ya kutosha na wa kwanza.)

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi Nairobi. "Mjomba, nimefika!" huniambia kwa simu. Amefika Ukunda. Kwa watu wa Nairobi Kwale nzima ni Diani, na mimi nikiwa Kwale basi lazima niko hapo hapo nyuma ya hoteli. Namwelekeza apande matatu ya Lunga Lunga. Matatu inangoja ijae. Inasimama Gazi, inasimama Msambweni, Ramisi anashuka mama mwenye magunia na yanashushwa moja moja, huku makanga akiapa kwamba mbele hasimami tena. Lunga Lunga achukue bodaboda. Kutoka Ukunda hadi kwangu humchukua muda mrefu kuliko kutoka Nairobi hadi Ukunda, na akifika lawama ni zangu, kana kwamba ramani niliichora mimi.

Akishapumzika huenda shambani kuangalia minazi. Wasomaji Wadigo wataelewa kwa nini jambo hili linaninyima usingizi. Katika desturi yetu ya zamani mpwa ndiye aliyemrithi mjomba. Sheria ya Kiislamu ilishatunyoosha, watoto wangu wapo na haki zao zipo, lakini mpwa yule anavyoitazama ile minazi, mmoja baada ya mmoja, huku akiuliza unayo mingapi mjomba, naona kama habari hiyo haijafika Nairobi.

Na anakuja mikono mitupu! Hapa ndipo nilipoujua ujanja wa nauli rahisi. Mgeni aliyekuja kwa basi alikuwa mgeni wa maana: sukari, majani ya chai, mikate, blanketi la bibi, viatu vya watoto ambavyo havimtoshi yeyote. Wa ndege anaruhusiwa begi la mkononi la kilo 7, na mzigo zaidi ya huo kwa ile nauli ya chini kabisa unalipiwa. Basi anakuja na kompyuta na chaja. Kikoi ni changu, kandambili ni zangu, mswaki ananunuliwa dukani kwa deni langu.

Kurudi ndiko kwenye vita. Mke wangu hakubali mgeni atoke kwake bila kitu, na kitu kwa lugha ya mke wangu ni mchele wa shamba, nazi, maembe na papa mkavu wa kumpelekea dada yangu. Nazi kadhaa zilizofuliwa zimeshakula sehemu kubwa ya zile kilo. Safari iliyopita niliwasindikiza hadi Ukunda, yeye na papa. Kwenye kaunta ya shirika moja ambalo sitalitaja, mpwa alivaa koti jua kali, mifuko imejaa korosho, akitembea kwa tahadhari kama mtu mwenye jipu. Korosho zilipita. Mchele ulilipiwa kwa bei ambayo Nairobi angenunua pishori na kuku juu. Papa alikataliwa kwa sababu ya harufu, nikarudi naye Jego kwenye matatu, na kila abiria aliyepanda Msambweni alinitazama mimi.

Ile nauli inayotangazwa nayo ina masharti yake. Viti vya bei ya chini ni vichache. Vikiisha, vinavyofuata vinapanda ngazi, na anayekata siku ya mwisho analipa nauli ya waziri. Kwa hiyo ukate wiki kadhaa mbele. Nani huku kwetu anaijua siku yake wiki kadhaa mbele? Mauti hayatoi ilani, na sisi maiti tunamzika siku ile ile. Jamaa aliyeko Nairobi akisikia msiba asubuhi, hiyo ndege rahisi imeshakuwa ghali kabla hajamaliza kusema inna lillahi.

Idd je? Mwaka mmoja mpwa alijifanya mjanja, akakata tiketi mapema ya kuja na ya kurudi, kwa kalenda ya ukutani. Mwezi haukuandama. Usiku ule tulikaa kwenye redio tukisubiri tangazo la Kadhi Mkuu, na uso wa kijana ulikuwa wa mtu anayesubiri hukumu. Tukafunga siku ya thelathini. Yeye alfajiri ya Idd alikuwa njiani kurudi Ukunda, kwa sababu kubadilisha tarehe kulitaka pesa nyingi kuliko tiketi yenyewe. Biriani yake niliila mimi. Lazima niseme kweli, siku hiyo niliipenda sana biashara hii ya nauli nafuu.

Siku hizi wanasiasa wetu kila wakipanda jukwaani wanadai uwanja wa Ukunda upanuliwe, zipate kutua ndege kubwa. Watu hupiga makofi. Mimi huhesabu magodoro.

Mpwa ameniandikia jana kwamba shule zikifungwa Agosti anakuja na marafiki zake, wameona tiketi rahisi. Anauliza kama kwangu kuna waifai. Nimemjibu kwamba kuna mbu.