Komba wa Shemeji

Shemeji aliingia uani kofia ikiwa mkononi, na ndani ya kofia mlikuwa na kitoto cha komba. Huko shambani, nje kidogo ya Muheza, vijana wa mbao walikuwa wameangusha mwembe wa zamani, kumbe komba jike alikuwa amelala na mwanawe ndani ya tundu la shina. Mama alibanwa akafa. Kitoto kilikutwa kimeng'ang'ania manyoya yake.

"Ningemwacha afe, shem?" aliniuliza.

Sikuwa na la kumjibu. Mtu asiye na huruma angepita tu. Nilichosema jioni ile, na nikakirudia mbele ya mume wangu, ni kwamba kesho yake kitoto kile kipelekwe kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Mama mkwe aliniangalia kwa upole akasema, "Mwanangu, huyu ni komba, si simba." Kisha akaomba pamba na maziwa, akamweka yatima huyo mapajani, na mjadala ukaishia hapo.

Mtoto wa komba ni mzuri kupita kiasi, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Macho yamejaa uso mzima. Viganja vina vidole vitano vyenye kucha bapa kama za mtoto wa binadamu, isipokuwa kidole cha pili cha mguu, ambacho ukucha wake ni mrefu na umechongoka. Huo huutumia kuchana manyoya. Wanangu walimpa jina la Macho. Kabla mvua za masika hazijakatika, Macho alikuwa na sahani yake, kitambaa chake, na mahali pake juu ya kabati la vyombo.

Lakini komba ni mnyama wa usiku. Saa moja jioni, sisi tukianza kuchoka, kwake ndiyo kumekucha. Anaruka kutoka fimbo ya pazia hadi juu ya friji, toka friji hadi begani kwa mtu. Tena komba hukojolea viganja vyake, akavisugua na nyayo, ndipo aruke, na kila anapokanyaga anaacha harufu yake. Porini huo ni utaratibu mzuri, kwa kuwa kila komba anajua mwenzake amepita wapi. Sebuleni ni alama za viganja vidogo ukutani, kwenye mito ya makochi, kwenye sare za shule zilizopigwa pasi tayari kwa kesho. Sufuria la maharage lilimwagwa. Kifaranga mmoja wa mama mkwe alipotea, mabawa yake yakaokotwa nyuma ya mtungi, na mama akanyamaza siku nzima.

Kilichotutia hofu hasa ni sauti. Macho alipopevuka alianza kulia usiku wa manane, kilio kirefu cha kupanda na kushuka. Jirani wa ukuta wa pili alikuja kugonga mlango akiuliza ni mtoto gani anapigwa saa hizo. Mume wangu akamwambia mdogo wetu anaumwa tumbo. Tangu usiku huo tukawa nyumba yenye siri. Wageni waliishia barazani, madirisha ya upande wa barabara hayakufunguliwa tena, na watoto walikatazwa kumtaja Macho shuleni. Shemeji, aliyekuwa akija kila Jumapili na ndizi mbivu, akaleta kamba ya katani. Macho akafungwa kiunoni mchana kutwa, mnyama ambaye miguu yake imeumbwa kuruka mita kadhaa kwa mara moja. Kamba ikamla ngozi. Nilikiona kidonda hicho nikimpa maji: duara jekundu, manyoya yameng'oka, na nzi juu yake. Hapo kila mtu wa nyumba ile alikuwa anampenda, naamini hivyo kabisa, na mnyama alikuwa anaoza kiunoni.

Mwanangu wa kwanza alipojaribu kulegeza kamba, aling'atwa kidole hadi mfupani. Nilimshika mkono chini ya bomba, nikaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kama wataalamu wa afya wanavyoagiza, kisha tukakimbilia hospitali. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuambukizwa na kuambukiza, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Daktari aliuliza, "Kaumwa na nini?" Mume wangu akajibu, "Paka." Nikasema, "Ni komba, daktari. Tunamfuga." Mtoto alianzishiwa chanjo, nasi tukarudi nyumbani bila kusemezana.

Usiku ule kikao kilikaa. Shemeji alikuwa mkali: yeye hakuwinda, aliokoa. Tena, akasema, mwaka 2010 watu walipandisha ndege wanyama zaidi ya 100 pale uwanja wa Kilimanjaro, twiga wanne wakiwamo, wakaenda nao Qatar. Nani atahangaika na komba wa Muheza? Mume wangu alikuwa amekwisha isoma Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kwenye simu. Alimsomea kaka yake taratibu. Wanyamapori wote wa Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Nyara si pembe na ngozi tu. Ni mnyama yeyote, awe hai au amekufa. Kukutwa na nyara za serikali bila kibali kunaweza kufunguliwa kesi ya uhujumu uchumi, na mahakama zetu zimewafunga watu miaka 20 kwa vipande vya nyama ya porini. Kuhusu wale twiga, hasira ya nchi haikupoa, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. "Basi tumwachie usiku huu shambani, tumalize," akasema. Nilikataa. Komba aliyelelewa kwa uji na ndizi hajui kujitafutia wadudu wala utomvu wa miti, ana kidonda, na angeingia katika eneo la komba wengine wasiomjua. Kumtupa gizani ili sisi tusalimike kungekuwa kumuua kwa mkono wa mtu mwingine.

Asubuhi tulikwenda halmashauri watatu: mimi, mume wangu na shemeji. Afisa alituuliza maswali mengi, akaandika, kisha akaja nyumbani na kreti. Alitueleza kwamba vibali vya kutunza wanyamapori vipo, kwa bustani, mashamba, ranchi na vituo vya wanyama yatima, vyenye masharti ya eneo, matibabu na ukaguzi. Sebule haimo. Shemeji alitia saini makabidhiano, na afisa akamwambia kosa halikuwa kumwokota, lilikuwa kukaa naye. Angempigia simu siku ile ile, yeye au mtendaji wa kijiji, kitoto kingekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kurudi msituni. Mama mkwe alilia waziwazi, nami sikumlaumu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu ni woga uliomweka Macho kwenye kamba. Watu wanafahamu kwamba kuna jela. Hawafahamu mlango wa kubisha. Polisi wetu wamewahi kutangaza muda wa kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na kibali, bila anayesalimisha kushitakiwa. Natamani mamlaka za wanyamapori zifanye vivyo hivyo kwa walionao komba, tumbili, kobe na digidigi majumbani, na litangazwe misikitini, makanisani na kwenye magulio. Jirani yetu, yule aliyegonga usiku, ana kobe chini ya simtanki tangu watoto wake wakiwa wadogo. Anasema atangoja tangazo. Nimemwambia asingoje, Jumatatu tunakwenda wote.